Laini za bei nafuu, ya mkononi na ya mezani: uliza bei imepunguzwa wapi

Swali: Habari mtaalamu. Nina laini ya mkononi ninayolipia kila mwezi kwa kampuni kubwa, na nyumbani kuna simu ya mezani ambayo hasa anaitumia mama. Namba yake ana zaidi ya miaka 20 nayo na ndugu wote wanaijua. Sasa kuna kampuni ndogo imenipa bei ya karibu nusu kwa zote mbili, mkataba mmoja wa miezi 24. Wanasema mtandao ni uleule wa kampuni kubwa. Ni kweli? Kama ni uleule, mbona bei ni nusu? Na nikitaka kulinganisha wachuuzi wa namna hii niangalie nini? Mama pia ana kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, kimeunganishwa na simu ya mezani.

Jibu: Salama, ndugu yangu. Sentensi yako ya mwisho, ya kitufe cha mama, ndiyo nzito kuliko zote, nawe umeitia kama nyongeza tu. Nitaifikia tukija kwenye simu ya mezani, na hapo utaniona mkali kidogo. Kwanza nikujibu ulivyouliza.

Wanachokuambia kuhusu mtandao kwa kawaida ni kweli. Kampuni za aina hii hazina minara. Zinanunua dakika, ujumbe na data kwa jumla kutoka kwa kampuni yenye minara, zinaweka nembo yao, kisha zinakuuzia wewe kwa rejareja. Mimi huziita wapangaji, na mwenye minara ndiye mwenye nyumba. Nitatumia maneno hayo mpaka mwisho kwa sababu yanaeleza karibu kila kitu, hata ugomvi wao. Biashara yenyewe si ya jana. Mwaka 1976 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba kampuni za simu zisimzuie aliyekodi laini zao kuwauzia wengine, na Sheria ya Mawasiliano ya nchi hiyo ya mwaka 1996 ikaongeza uzito: wenye laini za mezani wakatakiwa kuwauzia washindani wao huduma kwa bei ya jumla. Upande wa mkononi, Virgin Mobile ilianza Uingereza mwaka 1999 ikiwa imepanga kwenye minara ya One2One, bila kujenga hata mmoja, na tangu hapo wapangaji wamezagaa duniani.

Sasa mbona nusu? Sehemu ya jibu ni ya heri. Telmore ilipoanza Denmark mwaka 2000 iliuza laini kwenye intaneti tu. Haikuwa na maduka wala haikutoa simu za mkopo, na mteja alijihudumia mwenyewe kwenye tovuti. Gharama zilizokatwa zilikuwa za vitu ambavyo wateja wengi hawakuvihitaji, na mtindo huo ulifanikiwa kiasi kwamba TDC, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, iliishia kuinunua.

Sehemu ya pili ya jibu haitangazwi. Nilikaa miaka kadhaa ndani ya kampuni moja ya wapangaji, nikipanga vifurushi asubuhi na kusoma malalamiko mchana, na sikuwahi kuona bei ikishuka kwa miujiza. Kila tulipopunguza, palikuwa na kitu tulichokipunguza: kasi, saa za huduma kwa wateja, matumizi ukiwa nje ya nchi, kitu fulani. Watu husema rahisi ghali. Methali hiyo haikai sawa hapa, kwa sababu laini ileile inaweza kuwa neema kwako na mzigo kwa jirani yako, kutegemea nani anakihitaji kile kilichokatwa. Ndiyo maana sitakutajia kampuni "bora". Uliza wamepunguza wapi, uulize kwa kila kipengele, na usitie sahihi mpaka wamekujibu kwa maandishi.

Tuanze na mkononi. Mahali pa kwanza panapokatwa ni foleni. Kwenye mtandao wa 4G kila mawasiliano hupewa daraja lenye namba, na namba hiyo ndiyo inayouambia mnara nani apite kwanza watu wakiwa wengi. Mazungumzo ya sauti yanayopita kwenye 4G yana daraja namba 1. Data ya kawaida ya intaneti huwa huko chini, 8 au 9. Mwenye nyumba anaweza kuwaweka wateja wake kwenye 8 na wateja wa mpangaji kwenye 9, na akafanya hivyo bila kuvunja mkataba wowote. Mnara ukiwa na nafasi hutaona tofauti kabisa, unaweza kupima kasi usiku wa manane ukashangilia. Ukijaa, jioni watu wakirudi kutoka kazini, kwenye kituo cha treni, kwenye uwanja wa mpira, wewe wa 9 unasubiri wa 8 wapite. "Alama za mtandao zimejaa lakini hakuna kinachofunguka." Nimeisoma sentensi hiyo kwenye malalamiko mara nyingi mpaka nikawa naiota. Anayepiga na kupokea simu tu haguswi sana, maana sauti iko kwenye foleni yake. Anayefanya kazi za mtandaoni akiwa njiani ataumia.

Ramani ya mtandao kwenye tovuti yao haitakuonyesha haya. Ramani inaonyesha mawimbi yanafika wapi, haionyeshi foleni. Kipimo cha kweli ni kununua laini yao ya malipo ya kabla, kifurushi cha mwezi mmoja, na kuiweka pamoja na laini yako ya sasa kwenye simu ya laini mbili. Siku hizi wengi wana laini isiyo na kadi, unaskani msimbo tu na inaingia kwenye simu, kwa hiyo jaribio hili halina usumbufu. Kisha wiki nzima, kwenye sehemu unazokaa kweli (chumbani, kazini, ndani ya basi), pima kasi ya laini moja, na dakika hiyohiyo pima ya nyingine. Pima saa mbili usiku. Namba za saa tisa alfajiri zitupe.

Linalofuata ni neno "bila kikomo". Karibu kila mara lina kikomo, ila kimeandikwa kwa herufi ndogo: baada ya kiasi fulani cha data, kasi inashushwa. Usiishie kujua ni baada ya kiasi gani. Uliza inashushwa mpaka wapi. Kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, kwa mfano, bado ni intaneti kwa maana ya kisheria. Picha moja ya megabaiti 2 kwa kasi hiyo inachukua zaidi ya dakika mbili kupakuka. Ujumbe wa maandishi utapita, video usahau. Kuna wapangaji wengine wanaobana kasi tangu mwanzo, kabla hujatumia chochote, na wengine wanaoshusha ubora wa video peke yake. Hayo yote yanavumilika ukiyajua mapema. Mtu anayetumia data nyumbani kwenye waifai na nje anaangalia barua pepe tu hahitaji kulipia zaidi ya hapo.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hakuna anayeyafikiria mpaka yamkute. Je, mpangaji anaruhusu simu yako, kwa modeli yake, kupiga kupitia 4G na kupitia waifai? Zamani hili halikuwa na maana, kwa sababu simu ilirudi kwenye 3G kupiga. Sasa mitandao inazima 3G moja baada ya nyingine; AT&T ya Marekani iliizima Februari 2022, na simu ambazo hazikuwa kwenye orodha ya zilizoruhusiwa kupiga kwa 4G hazikuweza tena kupiga simu, hata kama zilikuwa nzima. Orodha ya mpangaji inaweza kuwa fupi kuliko ya mwenye nyumba. Uliza kwa jina la modeli.

Na ujumbe wa benki. Zile namba fupi zinazokutumia msimbo wa kuthibitisha malipo hazifiki sawasawa kwenye kila laini ya kupanga, kwa sababu lazima mtu mahali fulani awe ameziunganisha. Kwenye wiki ile ya majaribio, piga simu benki yako na uulize kama unaweza kupokea msimbo kwenye namba ya majaribio. Usipofanya hivyo unaweza kugundua siku unayolipa kodi ya nyumba.

Malipo ya dakika nayo yana ujanja wake. Muulize mchuuzi anahesabu kwa sekunde au kwa dakika, na kama kuna ada ya kuunganisha kila simu. Tuseme unapiga simu 10, kila moja sekunde 65. Umeongea dakika 10 na sekunde 50. Anayehesabu kwa dakika anakutoza dakika 20, kwa sababu kila simu imevuka dakika ya kwanza na sekunde 5 tu. Bei ya dakika yake inaweza kuwa ya chini kuliko ya mwenzake na bado bili ikawa kubwa. Chukua bili zako za miezi mitatu iliyopita, tazama simu zako ni ndefu au za "nimefika, shuka," kisha piga hesabu kwa bei za kampuni mpya. Kazi hiyo inachukua nusu saa na inashinda tovuti yoyote ya kulinganisha bei, ambazo nyingi, nakwambia kwa uzoefu, zinalipwa na wachuuzi haohao kwa kila mteja zinayempeleka.

Sasa nani hasa yuko nyuma ya jina unaloliona? Hili watu hulipuuza na mimi naliweka juu sana. Kuna wapangaji ambao ni watoto wa mwenye nyumba. Giffgaff ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2009 na O2, yenye minara huko. Kule Marekani, Cricket ni ya AT&T, Visible ni ya Verizon, na Mint Mobile ilinunuliwa na T-Mobile, dili likakamilika mwaka 2024. Mtoto wa mwenye nyumba hafukuzwi usiku, na akifilisika baba yake atawachukua wateja. Ubaya wake ni kwamba bei itapanda siku baba atakapoona inafaa. Kuna wapangaji wa kujitegemea, ambao lazima washindane kwa bei kwa sababu hawana kingine. Na kuna tabaka la tatu, mpangaji wa mpangaji: kampuni inayonunua kwa mpangaji mkubwa ambaye naye ananunua kwa mwenye nyumba. Ukipata tatizo, taarifa yako inapita mikono mitatu kwenda na mitatu kurudi. Kabla ya kusaini, uliza jina kamili la kampuni lililosajiliwa na namba ya leseni au usajili wake kwa mdhibiti wa mawasiliano, uitafute kwenye orodha ya mdhibiti. Kama jina kwenye bili si jina kwenye tangazo, uliza tena.

Mpangaji anaweza kuanguka, hata mwenye fedha. Amp'd Mobile ya Marekani ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa wawekezaji, ikapanga kwenye mtandao wa Verizon, na mwaka 2007 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, deni lake kwa Verizon likiwa limerundikana. Sehemu kubwa ya shida yake ilikuwa wateja wake wenyewe wasiolipa bili. Muda mfupi baadaye huduma ikazimwa na wateja wakatafuta pa kwenda. Kwa hiyo ukishawishiwa kulipa mwaka mzima mbele ili upate punguzo, jiulize kama ungemlipa mpangaji mwenzako kodi ya mwaka akupelekee kwa mwenye nyumba. Kwa kampuni usiyoijua, lipa mwezi kwa mwezi kwanza. Punguzo la mwaka halikimbii.

Hapo ndipo mkataba wako wa miezi 24 unaponikera. Laini ya mkononi isiyo na simu ya mkopo ndani yake haina sababu ya kukufunga miaka miwili. Miezi 24 ndiyo kilele ambacho sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kwa mkataba wa kwanza wa mteja wa kawaida. Mchuuzi anayejinadi kwa unafuu akianzia kileleni, kuna kitu anakiogopa. Tafuta kifungu cha kupanda kwa bei katikati ya mkataba. Uingereza ilibidi mdhibiti wake, Ofcom, apige marufuku kwenye mikataba mipya, kuanzia Januari 2025, ongezeko la bei lililofungwa na mfumuko wa bei, kwa sababu hakuna mteja aliyeweza kujua atalipa nini mwaka unaofuata. Kifungu kizuri kinataja kiasi na tarehe. Kifungu kinachosema "tunaweza kurekebisha bei kulingana na gharama zetu" kinakuambia usaini karatasi tupu. Na tazama kinachotokea mwezi wa 25: bei ya ofa ikiisha, nusu yako inaweza kugeuka kuwa bei kamili na zaidi, kimyakimya.

Haya, simu ya mezani.

Hapa uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unakuwa wa kimwili. Waya unaoingia nyumbani kwenu si wa mchuuzi. Ukikatika, hana fundi wa kumtuma. Anaandika tiketi kwa mwenye waya, na fundi wa mwenye waya anakuja kwa ratiba aliyokubaliana na mchuuzi. Bei nafuu mara nyingi imekatwa hapo hapo, kwenye kasi ya matengenezo. Uliza: laini ikifa Ijumaa jioni, fundi anaahidiwa kufika lini? Jumamosi inahesabiwa? Kwa mteja mzee au mgonjwa kuna daraja la haraka? Uliza pia nani analipa fundi akigundua kosa liko ndani ya nyumba, kwa sababu ada hiyo inaweza kumeza punguzo la miezi mingi. (Kabla ya kumwita fundi yeyote, chomoa kila kitu, chomeka simu moja unayojua ni nzima kwenye soketi kuu ambako waya unaingilia. Ikisikika vizuri hapo, kosa ni lenu.)

Kubwa kuliko hilo ni umeme. Simu ya mezani ya zamani, ya waya wa shaba, haina haja ya umeme wa nyumbani. Kituo cha simu kinaipelekea umeme wake, kama volti 48, kutoka kwenye betri zake, ndiyo maana nyumba nzima ikiwa giza simu ya bibi ilikuwa inalia. Leo sehemu nyingi laini ya shaba inaondolewa na sauti inapitishwa kwenye intaneti kupitia ruta. Uingereza wamepanga kuzima mtandao wa zamani Januari 2027, baada ya kusogeza tarehe kutoka Desemba 2025. Wachuuzi wa bei nafuu mara nyingi huanza moja kwa moja na simu ya intaneti, kwa sababu ndiyo rahisi kwao kuiuza. Ukisaini, inawezekana unahamisha namba kwa mchuuzi na papo hapo unaipandisha kwenye ruta, mambo mawili tofauti kabisa, na aliyekupigia hakukuambia la pili.

Umeme ukikatika, ruta inakufa, na simu nayo. Na hapa ndipo kitufe cha mama kinapoingia. Vifaa vingi vya aina hiyo vilitengenezwa kwa waya wa shaba: mama akibonyeza, kifaa kinapiga namba ya kituo cha msaada na kupeleka taarifa kwa milio ya sauti. Sauti ikipita kwenye intaneti hubanwa na kucheleweshwa kidogo. Sikio la binadamu halisikii tofauti, lakini kifaa kinaweza kushindwa kueleweka upande wa pili. Mwishoni mwa 2023 kampuni za simu Uingereza zilisimamisha kwa muda uhamishaji usio wa hiari kwenda simu za kidijitali, baada ya matukio mabaya ya watu ambao vifaa vyao vya dharura havikufanya kazi. Kwa hiyo nakuomba, na hapa ndipo ukali wangu: usihamishe laini ya mama kabla hujapiga simu kwa kampuni ya kitufe, ukawatajia modeli ya kifaa, ukauliza kama kinafanya kazi kwenye simu ya intaneti. Wakisema hapana, kuna vifaa vinavyotumia laini ya mkononi vyenye betri ndani. Mwombee hicho kwanza, kijaribiwe kwa kubonyeza kweli, kisha ndiyo tuzungumze bei nafuu.

Muulize mchuuzi pia kuhusu betri ya akiba ya ruta. Mdhibiti wa Uingereza anataka anayeitegemea simu ya mezani aweze kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme ukiwa umekatika. Marekani FCC iliwataka watoa huduma wawe na betri ya saa 24 ya kumuuzia mteja anayeitaka, sharti lililofikia kikomo mwaka 2025. Sheria za kwako unaweza kuzipata kwa mdhibiti wenu, ila swali kwa mchuuzi ni lilelile: umeme ukikatika, mama atapiga vipi? Akijibu "atumie ya mkononi," basi mama awe na ya mkononi, iliyochajiwa, na ajue kuitumia. Swali lingine ni la anwani. Simu ya intaneti haijui iko nyumba gani. Ukipiga namba ya dharura, wanaona anwani uliyoisajili. Hakikisha imesajiliwa sawasawa tangu siku ya kwanza.

Una intaneti nyumbani? Hukutaja. Kama intaneti yenu inapita kwenye waya uleule wa simu ya mezani, kuhamisha namba ya mezani peke yake kunaweza kuiua intaneti, kwa sababu mfumo unasoma kwamba laini imefungwa. Nimeona familia zikikaa wiki mbili bila intaneti kwa ajili ya jambo hili. Waulize wote wawili, wa simu na wa intaneti, kabla ya kusaini, na umwonyeshe mchuuzi bili yenye huduma zote.

Nikushauri vipi basi? Tenganisha. Mkononi yako ihamishe kwa mpangaji ukishaijaribu, huko unafuu ni halali na hatari ni ndogo. Ya mezani iache ilipo mpaka suala la kitufe limalizike, hata kama unapoteza punguzo la kuchukua zote pamoja. Mkataba mmoja kwa huduma mbili una maana moja zaidi ambayo mchuuzi hakuambii: mkiwa na ugomvi wa bili ya mkononi, anaweza kukata na ya mama. Wakikataa kutenganisha, tafuta mwingine. Na umwonye mama mapema: akipigiwa na mtu anayemwahidi bili ndogo na kumwomba "aseme tu ndiyo," akate. Kuhamishwa laini bila ridhaa ya kweli ni ulaghai wa miaka mingi kwenye biashara hii, na wazee ndio wanaolengwa.

Kuhusu namba zenyewe, usiogope, ila fuata mpangilio. Kuhama na namba ya mkononi kulianza Singapore mwaka 1997 na leo ni haki katika nchi nyingi; Umoja wa Ulaya unataka namba ifanye kazi kwa mtoa huduma mpya ndani ya siku moja ya kazi baada ya tarehe mliyokubaliana. Namba ya mezani huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi imefungwa na eneo lake, kwa hiyo uliza kama mchuuzi mpya anaweza kupokea namba ya eneo lenu. Kosa kubwa, na nimeliona watu wenye akili zao wakilifanya, ni kupiga simu kampuni ya zamani na kuifunga laini kwanza. Laini ikifungwa namba inaweza kufa, na namba iliyokufa haihami. Kampuni mpya ndiyo inayoomba namba. Ya zamani inafungwa yenyewe namba ikishaondoka. Jina na anwani kwenye fomu viwe sawa kabisa na vilivyo kwenye bili ya zamani, hata kama bili ina jina la marehemu baba. Tofauti ndogo inatosha ombi kukataliwa. Weka namba ya siri ya kuzuia laini isihamishwe na mtu mwingine, kwa kampuni mpya pia, kwa sababu wapangaji wenye huduma ya maandishi tu wakati mwingine hudanganywa kirahisi na wezi wa laini, na mwizi akiipata namba yako anapata na misimbo ya benki.

Siku namba itakapohama, usiijaribu kwa kupiga nje tu. Kupiga nje hufanya kazi mapema. Shida hujificha kwenye kupokea, kwa sababu kila kampuni nyingine lazima iwe na taarifa kwamba namba yako imehamia nyumba mpya, na kuna zinazochelewa. Waombe watu watatu au wanne wa mitandao tofauti wakupigie, na mmoja kutoka simu ya mezani, na mmoja akutumie ujumbe. Kama mmoja anasikia "namba haipo," andika ametumia mtandao gani na saa ngapi, umpelekee mchuuzi wako siku hiyohiyo. Ukimpa taarifa hizo mbili atajua ni kampuni gani haijasasisha orodha yake na atalimaliza kwa saa chache. Ukimwambia tu "simu haziingii," utasubiri.